Bei ya Ukuta wa Barabarani

Watu walimwita Mzee Ngo-ngo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka arobaini alikuwa fundi wa lipu, yule anayekuja waashi wakishapanga matofali, akazikandika kuta saruji mpaka zikawa laini. Mgongo ulipomkatalia akaacha mwiko, lakini kuta hakuziacha. Ukitaka kununua nyumba kuukuu unamfuata kwake, anakuja na sarafu nene ya zamani isiyonunua kitu tena, anapita chumba kwa chumba akigonga, ngo, ngo, ngo, sikio kalibana ukutani. Halafu anakwambia: hapa lipu imeachana na tofali, hapa maji yamepanda kutoka kwenye msingi, hapa pazima. Mwisho anataja bei, na bei yake mtaa mzima uliiamini kuliko karatasi yenye muhuri. Sifa hiyo aliipenda sana, wala hakujua kuificha.

Sasa, nyumba iliyomtoa jasho kuliko zote haikuwa ya mtu baki. Ilikuwa ya dada yake wa tumbo moja, mdogo kwake kwa miaka sita, mjane aliyekaa miaka thelathini na moja katika nyumba ya vyumba vinne iliyotazama barabara. Paa lilivuja, mchwa walikuwa kwenye mbao, shimo la maji machafu lilifurika kila mvua, na watoto walikwisha kwenda zao. Akaamua auze, ahamie kwa binti yake, mitaa mitatu kutoka pale. Akamwita kaka yake amtajie bei ya haki. Angemwita nani mwingine?

Mzee Ngo-ngo aliigonga nyumba ile asubuhi nzima. Kuta za ndani alizipitisha. Alipofika sebuleni, kwenye ukuta wa barabarani, sarafu ikabadilisha sauti. Kipande kizima, upana wa hatua mbili, kililia kitupu kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa chake. Akagonga tena, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Ukuta umekufa, alisema. Maji yameula kwa ndani, lazima ubomolewe wote ujengwe upya. Akatoa gharama ya ukuta, akatoa ya paa, akatoa ya shimo, ikabaki milioni ishirini na mbili. Mnunuzi alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mpole aliyeitwa Mama Pindo, kwa kuwa hakuna aliyepinda nguo vizuri kama yeye. Hakubishana hata kidogo. Alilipa, akapewa funguo, akahamia.

Mnunuzi asiyebishana! Hapo tu mtu mzoefu angejikuna kichwa. Yeye alijipongeza.

Wiki sita baadaye alikuwa anatoka kununua dawa ya mgongo, akapita pale, akaganda katikati ya njia mpaka mwendesha baiskeli akamtukana. Ukuta uliokufa ulikuwa umesimama vilevile, umepakwa rangi ya maziwa, na ndani yake palikuwa na mlango. Tena si mlango uliotobolewa jana. Ulikuwa mlango wa vipande viwili, fremu yake ya mbao nzito ya zamani, na kizingiti cha saruji kimelika katikati kwa miguu ya watu. Ndani vyerehani vitatu vilikuwa vinakimbia na wateja wamekaa kwenye benchi. Nyumba mbovu imegeuka duka, na duka la barabarani hata mtoto anajua haliuzwi kwa bei ya nyumba mbovu.

Mtaa haukulaza damu. Kabla wiki haijaisha maneno yalishamfikia mtoto wa kwanza wa dada yake, dereva wa lori, kijana mwenye mikono ya kuvutia kamba na mdomo usio na breki. Alikuja kwa mjomba wake, akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Mjomba, mama kauza duka kwa bei ya banda," alisema. "Watu wanasema ulikula cha juu kwa yule fundi cherehani. Nataka unijibu wewe, nisijibiwe na wao."

Mzee aliapa kwamba hakula hata senti, na ilikuwa kweli. Lakini mtu anathibitishaje kitu ambacho hakukila? Kijana alisema anakwenda safari, atarudi Jumapili, na Jumapili anataka maelezo mbele ya mama yake. Akaondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Kilichomchoma mzee si maneno ya mpwa. Ni dada mwenyewe. Zamani haikupita siku mbili bila simu: kaka, umeamkaje, mgongo je, dawa umekunywa au umeificha chini ya mto? Tangu nyumba iuzwe, kimya. Wazazi wao walikufa mapema, yeye ndiye aliyembeba dada yule mgongoni, huo huo mgongo unaomuuma leo. Ikiwa dada naye anaamini kwamba kaka yake kamla, basi hata hiyo sifa ya kugonga kuta ataipeleka wapi? Alikuwa na hofu, na hofu hiyo hakumwambia mtu.

Lakini tusimpambe sana mzee wetu. Pamoja na hofu kulikuwa na kitu kingine kilichomtekenya mchana kutwa, akawa hawezi hata kumaliza chai yake. Fundi wa miaka arobaini kagonga ukuta asubuhi nzima, hakuona mlango. Mshona nguo, asiyejua saruji na unga wa muhogo vinatofautianaje, kahamia na wiki ileile kavunja palepale, si kushoto wala kulia. Alijuaje? Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake akachukua suruali yake ya kijivu, akaenda kwa Mama Pindo kuomba ipunguzwe urefu. Suruali yenyewe ilikuwa inaishia juu ya vifundo vya miguu. Mama Pindo aliinyanyua, akaitazama, akamtazama na mwenye suruali, akaiweka mezani.

"Mzee wangu, hii tukiipunguza itakuwa kaptula. Sema unataka kuuona mlango. Uone, hauna kiingilio."

Basi aliuona. Aliuona mpaka wateja wakaacha kuzungumza wakamwangalia yeye. Alipapasa fremu, akainama kwa taabu akachungulia kizingiti, akapanda kigoda akaona kile alichokuwa akikitafuta: juu ya mlango palikuwa na linta, boriti ya zege yenye nondo, imelala pale tangu siku nyumba ilipojengwa. Kumbe ukuta ule ulizaliwa na mlango. Mtu aliuziba baadaye. Mama Pindo alimpeleka uani kumwonyesha matofali yaliyotolewa, mzee akayakuta yamepangwa karibu na bomba. Aligeuza moja baada ya jingine. Yalikuwa makavu kama biskuti. Hakuna maji yaliyowahi kupita pale. Aliyeziba aliyasimamisha matofali kwa ubavu, safu moja nyembamba, ili yasimwishie, akaacha nafasi nyuma, kisha akapiga lipu juu. Ndiyo maana sarafu ililia kitupu. Lilikuwa pengo la mtu aliyebania matofali, wala halikuwa ugonjwa.

Na udongo wake wa kuungia matofali! Mahali pengine umejaa kidole kizima, mahali pengine hakuna. Fundi gani wa kweli anajenga hivi? Mzee alicheka peke yake, halafu kicheko kikakatika. Shemeji yake, marehemu mume wa dada, alikuwa karani. Mkono wa kalamu ndio uliojenga vile. Na kulikuwa na miaka miwili, ndoa ya dada ikiwa bado changa, ambayo yeye Ngo-ngo alikuwa mbali, kwenye ujenzi wa bwawa, asirudi hata sikukuu. Aliporudi moja kwa moja aliukuta ukuta mzima umepakwa rangi, na kabla ya hapo nyumba ile alikuwa ameiona mara moja tu, usiku wa harusi, watu wamejaa hadi barabarani.

Kitendawili cha ukuta kikawa kimeteguka. Cha Mama Pindo bado. Lakini kwanza alitaka kujua kosa lake lina ukubwa gani, maana yeye ni mtu wa vipimo. Kwa siku tatu alirudi pale na futi na daftari, Mama Pindo akimvumilia kama mtu anavyomvumilia paka wa jirani. Alihesabu boriti za paa zilizotolewa: mchwa walikula tatu, si saba kama alivyodhani kwa kutazama kutoka chini. Shimo la maji machafu lilikuwa bovu kwelikweli, hapo hakukosea. Akaweka thamani ya ukuta mzima badala ya maiti ya ukuta, akaweka mlango wa barabarani, akatoa mabati, akatoa kazi ya mafundi. Alipiga hesabu mara nne, akiomba ishuke. Haikushuka. Nyumba ya dada yake, ilivyokuwa siku ile na ubovu wake wote, ilikuwa ya milioni ishirini na saba na nusu.

Alimsomea Mama Pindo hesabu ile kwa sauti ya chini. Hakudai kitu. Labda alitumaini mwanamke yule atasema neno, ataongeza kidogo, mambo yaishe kimyakimya. Mama Pindo alikata uzi kwa meno kwanza.

"Siku ile nilikuja na ishirini na sita kwenye mkoba," alisema. "Nilijiandaa kukupigia magoti unipunguzie moja ya kununulia mabati. Nikavuta kiti. Kabla sijakaa, ukasema ishirini na mbili. Ungekuwa wewe, mzee wangu, ungebisha?"

Mzee alifikiri kwa haki. Asingebisha. Mtu akikupunguzia kabla hujaomba, unashukuru unakaa. Hapakuwa na mwizi katika biashara ile, na hilo ndilo lililomnyong'onyeza, maana mwizi angalau unamkamata. Aliuliza lile moja lililobaki: nani alimwambia kuhusu mlango?

Mama Pindo alisema si siri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo yeye akishanunua kitu humwuliza aliyekilalia. Siku ya kukabidhiwa funguo, pesa zimeshalipwa, alimshika yule mama mkono, akamwuliza: dada yangu, katika nyumba hii kuna nini ambacho mimi sikijui? Mama akampeleka sebuleni, akaweka kiganja ukutani. Akasema, hapa pana mlango.

Mzee Ngo-ngo alitoka pale bila suruali yake. Dada alijua. Muda wote ule alijua, na akamwachia auze hasara. Kwa nini? Alikwenda moja kwa moja kwa binti wa dada, daftari kwapani, na kila hatua hamu ya kujua ilikuwa inagombana na woga.

Alimkuta dada nyuma ya nyumba, kwenye baraza fupi, anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Dada alimkaribisha, akamsogezea kigoda, akaendelea kukunja. Hakumuuliza mgongo. Mzee hakuzungukazunguka, alisema alikosea, akasema kwa kiasi gani, akasema ukuta ulikuwa mzima na yeye aliuzika ukiwa hai. Akasema ana akiba kidogo ya matibabu, ataitoa, na inayobaki atailipa polepole. Mwisho akauliza, na sauti yake ikawa ya kitoto kidogo, kwa nini hakumwambia.

"Nilikwambia," dada alisema.

Mzee akauliza lini.

"Siku ile ile. Ulipogonga pale nikasema, kaka, hapo pana mlango. Ukasema, hapa pana maji. Nikasema tena, ulikuwepo mlango hapo. Ukaniambia, dada, hebu niwekee chai. Nikaenda kuweka chai."

Alikunja gauni la mjukuu, akalilaza juu ya mengine, akalipiga kiganja liwe bapa. Mzee alijaribu kukumbuka. Alikumbuka chai. Ilikuwa na tangawizi, na aliisifu.

Basi dada akamweleza mengine, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomtesa zaidi kaka yake. Mlango ule ulikuwa duka lake. Alipoolewa alikuwa anauza pale sabuni, viberiti, mafuta ya taa na daftari za shule, na faida yake ndiyo iliyonunua kitanda na kabati la kwanza. Kisha mumewe akapandishwa cheo, akawa karani mkuu, akaona haya kwamba mke wake ananuka mafuta ya taa. Hawakugombana. Alikwenda hospitali kujifungua mtoto wa pili, akakaa siku tano, aliporudi na mtoto mkononi akakuta ukuta. Bado mbichi, unatoa unyevu. Mumewe alisimama kando yake anangojea asifiwe, kwa kuwa alijenga mwenyewe.

"Hakuniuliza," dada alisema. "Na wewe hukuniuliza. Nikasema moyoni, haya, wanaume wa nyumba hii wanaujua ukuta huu kuliko mimi, acha wauuze. Halafu akaja mwanamke, hajui hata jina langu, akanishika mkono akaniuliza. Ningemficha nini?"

Mzee alisema polepole kwamba kumbe basi amekasirika, ndiyo maana simu imekaa kimya.

Dada alisema ndiyo, amekasirika, lakini si kwa ajili ya pesa. Pesa zile zinamtosha, mtu wa umri wake anataka chumba kikavu na wajukuu karibu. Kilichomuuma ni ile chai. Na alikwenda kuuona mlango ulipofunguliwa, akasimama ng'ambo ya barabara karibu saa nzima, watu wanaingia na kutoka juu ya kizingiti chake, akafurahi mpaka akalia. Alitamani kumpigia simu kaka yake amwambie, akakumbuka hatasikia.

Mzee Ngo-ngo alilitoa daftari kwapani, akaliweka magotini. Machozi yalimlenga na hakuyafuta. Alisema, "Nisamehe, mdogo wangu," basi.

Dada alimpa kitambaa kutoka kwenye nguo alizokwisha kunja. Kisha akasema akiba yake ya matibabu akatibie mgongo, asimletee mambo ya kulipa polepole, anamjua, ataanza na mwezi mmoja na kuishia hapo. Jambo moja tu alilitaka. Jumapili mwanawe akirudi, mjomba amweleze kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mama alijua na alisema.

"Habari ya kula cha juu nilishaizima siku ile ile alipotoka kwako," aliongeza. "Nilimwambia, mjomba wako si mwizi. Mwizi huangalia milango."

Mzee alicheka huku anapenga kamasi. Aliahidi kwamba Jumapili atasema yote, hata ya chai. Ilikuwa ahadi nzito kwa mtu wa sifa zake, maana dereva wa lori akishalijua jambo, kesho yake linajulikana mpaka mwisho wa barabara. Watu watamcheka, watasita kumwita. Aliiona hasara hiyo ikija, akaikubali.

Alinyanyuka aende, akakaa tena. Ile hamu iliyomsumbua wiki nzima haikuwa imekwisha. Ilikuwa imegeuka tu upande ambao hajawahi kuutazama.

"Na wewe," alisema, "kama ningekuuliza siku ile. Ungetaja ngapi?"

"Ishirini na tisa," dada alijibu, hata hakuinua macho kwenye nguo.

Mzee alifungua daftari haraka, akapitisha kidole kwenye safu zake, tarakimu za siku tatu, mara nne zote zimekubali. Akasema hapana, ni ishirini na saba na nusu, amepima kila kitu, hiyo moja na nusu imetoka wapi.

"Kwenye tangi."

"Tangi gani?"

Dada alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Miaka thelathini na moja alikuwa anakuja nyumba ile, anakula, analala, anakanyaga uani, na hajui anazungumziwa nini. Dada akacheka, kicheko chake cha zamani cha kujishika mbavu, hata binti yake akachungulia dirishani. Halafu akaweka nguo pembeni, akaanza kumweleza lilipo, nani alilichimba na mvua ngapi lilikinga, na kaka yake akasikiliza mpaka mwisho bila kumtuma chai.